Mwalimu, Nimeshaingia?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 31. Kwa miaka minne sasa, usiku nikimaliza kusahihisha madaftari, nachangia kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni, yaani Wikipedia. Hakuna malipo. Naandika makala za vijiji, za samaki, za viongozi wa zamani, na narekebisha za wenzangu. Kazi hii naipenda sana, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itaninyima usingizi.

Nyumba ya nne kutoka kwetu, Ngamiani, anakaa mzee aliyepuliza saksafoni katika bendi moja ya jazi ya hapa Tanga, tangu mwanzoni mwa miaka ya 60 hadi bendi ilipokufa. Sasa ana miaka 84. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Nikiwa mdogo, baada ya sala ya alasiri alitoa saksafoni barazani akapuliza vipande viwili vitatu, sisi watoto tumekaa chini kwenye mkeka. Aliniambia, "Sikiliza gitaa linaponyamaza, ndipo ninapoingia mimi." Sikio nililonalo la muziki nimelipata pale.

Mwezi huu binti yake, ambaye namwita dada, aliandika makala juu yake katika kamusi elezo. Aliandika kwa mapenzi yake yote. Akamwita "gwiji wa jazz wa Afrika Mashariki". Haikupita siku mbili, mchangiaji mmoja akaweka kiolezo, yaani tangazo juu ya ukurasa, cha kupendekeza ifutwe: hakuna vyanzo. Mjadala ni wa siku saba. Maoni yamegawanyika nusu kwa nusu, na kwa kuwa wenzangu wanajua mimi ni wa Tanga, wananisubiri niseme neno kabla mkabidhi, msimamizi wa kamusi, hajaufunga.

Nilikwenda kwa dada nikaomba ushahidi. Alinitolea bahasha. Mna picha ya bendi mbele ya ukumbi, bila tarehe. Mna santuri moja ndogo ya 45 yenye jina la bendi, na chini ya jina la wimbo, kwenye mabano, jina la mzee kama mtunzi. Mna kipande cha gazeti cha miaka kumi na kitu iliyopita, taazia ya mwimbaji mwenzake, ambamo mzee ametajwa mara moja katika orodha ya waliopiga pamoja. Basi. Mtandaoni nimekuta nyimbo mbili za bendi, na chini yake watu wanaulizana ni nani yule anayepuliza. Makala ya bendi yenyewe ipo kwenye kamusi yetu, mistari mitatu tu.

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa kanuni tunazowapimia wengine, makala hii haisimami. Mwaka jana niliunga mkono kufutwa kwa makala ya kijana wa bongofleva aliyekuwa na ushahidi kuzidi huu. Lakini dada kaniambia neno lililonichoma: "Wewe umemsikia kwa masikio yako mwenyewe. Unataka karatasi ya nani tena?" Zaidi ya hayo, kuna mtu kampigia simu akidai kwamba kwa laki tatu ataisimamisha makala na kuilinda isiguswe. Dada anataka kukopa kwenye kikoba chao.

Mzee mwenyewe anajua kwamba kuna jambo. Kila nikipita ananiuliza, "Mwalimu, nimeshaingia?"

Zimebaki siku nne. Niseme nini?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Laki tatu zile dada asizitoe. Mpigie simu leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifunga akaunti 381 za kundi moja lililokuwa likiishi kwa mtindo huu: wanatafuta makala zilizokataliwa, wanamfuata mhusika, wanamtoza hela ili irudi, na wengine wakatozwa kila mwezi eti wanalindiwa. Hakuna mtu mwenye uwezo wa kulinda makala kwa malipo. Ikishajulikana imelipiwa kwa siri hufutwa haraka zaidi, na jina la mzee litabaki kwenye kumbukumbu za mjadala likiwa limechafuliwa na jambo asilolifanya.

Sasa tuje kwako. Kwa vitu vilivyomo katika bahasha ile, mzee hajafikia kuwa na makala yake peke yake. Najua ulitarajia nikutafutie mlango wa uani. Mimi nimefanya kazi maktaba miaka mingi, nimewaona watu wengi wazuri ambao hawamo kwenye rafu yoyote, na nimejifunza kutochanganya mambo mawili. Kuwa mpulizaji mzuri ni jambo la mzee mwenyewe. Kuwa na makala ni jambo la watu wengine waliomwandika. Kamusi elezo haina masikio. Haiwezi kusema saksafoni yake ilikuwa tamu; inaweza tu kusema fulani, asiye ndugu yake wala mwenye bendi, aliandika mahali fulani kwamba ilikuwa tamu. Ndiyo maana kanuni inataka vyanzo zaidi ya kimoja, vya kuaminika, visivyo na uhusiano na mhusika, na vilivyomzungumzia yeye kwa kirefu.

Vitoe vitu vya bahasha uvitandaze mezani. Picha inaonyesha watu wamesimama mbele ya ukumbi. Taazia ni ya mwenzake. Jina la mzee limepita humo kama abiria. Masimulizi ya dada ni ya mtoto juu ya baba yake, na sisi sote tunajua mtoto humwonaje baba. Santuri ndiyo nzito kuliko vyote, maana inathibitisha kwamba alitunga, lakini lebo ya santuri ni maneno ya waliotengeneza santuri. Haituambii kama wimbo ulipendwa au uliwafundisha wengine kitu.

Lakini kuna dai moja la dada ambalo huna haki ya kulipuuza, hata kama hakulisema kwa maneno haya: ukimya huu wa karatasi haukutokea kwa bahati mbaya. Wewe hukuwepo zama zile, mimi nazikumbuka. Redioni mtangazaji alitaja bendi. Akimtaja mtu, basi ni mwimbaji au mpiga solo. Nyimbo nyingi zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zilitengenezwa Nairobi kwa sababu hapa hatukuwa na kiwanda. Katika safari hiyo ya kanda kuvuka mpaka, majina ya wapiga vyombo ndiyo yaliyoanguka njiani. Vyombo navyo mara nyingi havikuwa vya wanamuziki. Tazama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi: chama kilipobadilika jina bendi nayo ikabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka leo ni Msondo Ngoma. Mtu aliyepuliza tarumbeta katika majina yote hayo umtafute wapi? Salum Abdallah wa Cuban Marimba tunamjua. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, tunamjua hadi ajali iliyomuua Kenya mwaka 1979. Wote wawili waliimba na kuongoza. Waliosimama nyuma yao na vyombo vya kupuliza, wangapi unaweza kuwataja hata wewe uliyekulia miguuni pa mpulizaji?

Kwa hiyo usiende kwenye mjadala ule ukasema mzee si mtu muhimu. Hilo hulijui, na wenzako pia hawalijui. Sema vyanzo vilivyopatikana mpaka leo havitoshi. Hayo ni maneno mawili tofauti, na dada atayasoma.

Kuna kosa jingine dogo ndani ya makala, na huenda ndilo lililoleta kiolezo. Dada kaandika "gwiji wa jazz". Mtu asiye wa huku akisoma hivyo anakwenda kumtafuta mzee kwenye vitabu vya jazi ya Marekani, hamwoni, anahitimisha kwamba ni uongo. Kwetu neno hili lilikuwa jina la bendi ya dansi. Dar es Salaam Jazz Band inahesabiwa tangu 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, na kwenu Tanga mlikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wakishindana. Kongo walikuwa na African Jazz ya Kabasele na O.K. Jazz ya Franco. Hao wote walipiga rumba, chacha, baadaye twist, kwa kusikiliza santuri za Kuba zilizokuwa zikiingia Afrika katika mfululizo wa santuri ulioitwa GV. Jazi ilimaanisha vyombo vya kisasa, suti, na ukumbi wenye taa. Andika "mpuliza saksafoni wa muziki wa dansi" na makala itajieleza kwa watu wanaostahili kuihukumu.

Ukitaka jazi ya Marekani, nakupa kisa kimoja ambacho nimekibeba muda mrefu. New Orleans alikuwepo mpuliza koneti, aina ya tarumbeta, Buddy Bolden, aliyezaliwa 1877. Wengi wanamhesabu miongoni mwa wa mwanzo kabisa kupiga kile kilichokuja kuitwa jazi. Hakuna santuri yake hata moja iliyopatikana. Picha inayojulikana ni moja. Mwaka 1907 aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili, hakutoka tena mpaka alipofariki mwaka 1931. Ukipima kwa bahasha, mzee wako ana ushahidi kumzidi Bolden: ana santuri. Lakini leo Bolden ana makala ndefu, na hakuna anayethubutu kuiwekea kiolezo.

Kilichomwokoa ni watu waliokwenda kuuliza. Wanamuziki wazee waliomsikia walihojiwa, maneno yao yakaandikwa na kuchapishwa. Chuo Kikuu cha Tulane, mji ule ule, kilianza mwaka 1958 kurekodi wazee wa jazi mmoja mmoja wakisimulia. Kisha mwaka 1978 Donald Marquis akatoa kitabu baada ya kupekua magazeti, sensa na kumbukumbu za mji. Na mpekuzi yule hakubeba kila alichoambiwa. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Bolden alikuwa kinyozi na mwenye kijigazeti cha umbeya. Marquis alitafuta ushahidi wa hayo akaukosa, akasema hivyo. Nataka dada alisikie hili la mwisho. Kumpenda mtu kunatosha kuanza kumwandika, lakini atahitaji mtu wa nje wa kumwambia hapa umekosea mwaka, hapa wimbo huu haukuwa wake peke yake.

Usinielewe vibaya kwamba nasema ukimrekodi mzee kesho basi keshokutwa umepata chanzo. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India alijaribu na wenzake, India na Afrika Kusini, kutumia masimulizi ya mdomo yaliyorekodiwa kama marejeo ya Wikipedia, kwa sababu aliona hili hili tunaloliona sisi: maarifa ya watu wetu mengi hayamo vitabuni. Lilikuwa jaribio zuri na naamini alikuwa na haki. Kanuni kubwa haikubadilika. Rekodi yako itakuwa malighafi, na lazima ipite mikononi mwa mtu mwingine atakayeichapa.

Basi mjadala huu ufanye hivi. Usipige kura ya kufuta wala ya kubakiza. Kanuni ya wanamuziki kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ambayo wengi wenu mnaiazima, inasema mwanabendi ambaye bado hajaonekana kujulikana kwa kazi zake mwenyewe, jina lake lielekezwe kwenye makala ya bendi. Mtu akitafuta jina la mzee anapelekwa kwenye bendi, na humo anamkuta. Historia ya ukurasa inabaki, kwa hiyo siku vyanzo vikipatikana makala inafufuliwa bila kuanza upya. Andika: "Mimi ni jirani wa mhusika na familia zetu ni marafiki. Vyanzo vilivyopo havitoshi kwa makala ya peke yake. Napendekeza maelezo yanayothibitika yahamishiwe kwenye makala ya bendi na jina lielekezwe huko." Sentensi ya kwanza usiiruke hata wakikuambia si lazima. Yule kijana wa bongofleva uliyemnyima anaweza kuwa anasoma.

Halafu fanya kazi uliyoikwepa. Samahani kwa neno hilo, lakini mistari mitatu kwa bendi ya mji wako mwenyewe, na wewe umekaa miaka minne ukiandika samaki? Bendi ndiyo yenye vyanzo. Kelly Askew alifanya utafiti wake hapo hapo Tanga, akapiga muziki na wanamuziki wa mji huo, na kitabu chake juu ya muziki na siasa za utamaduni Tanzania kilitoka mwaka 2002. Umekifungua ukaangalia faharasa? Werner Graebner, mtafiti wa Kijerumani, ameandika maelezo ya vijitabu vilivyomo ndani ya albamu nyingi zilizorudisha nyimbo zetu za zamani. Vijitabu hivyo hutaja majina ambayo redio haikuyataja. Nenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chumba cha East Africana maktabani, uombe gazeti la Ngurumo, lililochapishwa kuanzia 1959 hadi 1976, uombe Uhuru na Nchi Yetu. Matangazo ya dansi ya Jumamosi, habari za mashindano, barua za wasomaji wakilumbana bendi ipi kali. Ni kazi ya likizo nzima, utatoka na vumbi hadi kwenye nyusi, na huenda usimkute mzee hata mara moja. Huenda pia ukakuta nusu ukurasa juu yake. Ukikuta nusu ukurasa mara mbili, katika magazeti mawili, mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia umfungulie makala.

Wakati huo huo mtafute mwandishi wa habari za burudani, wa gazeti lolote lenye mhariri, aje Ngamiani amhoji mzee. Asiwe ndugu. Usiandike wewe gazetini kisha ukaja kujinukuu kwenye kamusi. Hilo litajulikana, na litaharibu kazi zako za miaka minne. Mpe mwandishi jina na nyumba, kisha ondoka.

Na ile santuri. Mmeishika kama kitu cha kumwingizia mzee kwenye kamusi, na mmesahau kwamba jina la mtunzi kwenye lebo lina faida nyingine. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Dada aende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na santuri ile, aulize namna ya kuisajili kazi na kama kuna chochote ambacho mzee anastahili kudai. Watu wanaousikiliza wimbo ule mtandaoni bila kumjua mpulizaji wanamsikiliza mtu aliye hai, anayenunua dawa. Nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo sana mbele ya laki tatu.

Dada umwambie kabla hujaandika neno kwenye mjadala, na umwambie uso kwa uso. Usimfafanulie kanuni kwanza. Anza kwa kumwambia kwamba alichosema ni kweli: umemsikia, na unajua. Mwambie kujua kwako kutakufa na wewe kama hakukuandikwa, na kwamba unamwomba awe mshirika wako kwenye kazi ya kuandika. Atalia, huenda atakutukana. Mwachie.

Mzee ni rahisi zaidi. Hawa watu wamezoea kungoja zamu. Alikufundisha mwenyewe kwamba anaingia gitaa likinyamaza. Akikuuliza tena kama ameshaingia, mjibu, "Bado mzee, naandika kwanza bendi, na nimekwama." Chukua mkeka, weka simu ikirekodi, toa ile picha isiyo na tarehe. Anza na yule wa kwanza kushoto. Muulize alikuwa nani, alipiga nini, alitoka wapi, na bado yupo?